Mwenye Trela

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema la kukodi, huko mtaa wa Olympic, Kibera, nikimsikiliza mwanamume wa suti akimsifu marehemu Wanyonyi. Alisema Wanyonyi alikuwa mtu wa watu. Alisema kwamba zamani, wakati maskini wa Kibera na Kawangware hawakuwa na njia ya kuwasafirisha wafu wao hadi Magharibi, Wanyonyi alinunua trela kwa pesa zake mwenyewe, akaiandikisha kwa jina lake, kisha akaitoa kwa jamii bila kudai hata senti. Mama mmoja nyuma yangu akasema amina. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilicheka hadi chai ikanimwagikia kwenye sketi, na msichana aliyekuwa akigawa mkate akadhani nalia, akaniletea kitambaa. Nilikipokea nikashukuru.

Sikusimama kumrekebisha yule wa suti. Mjane alikuwa ameketi pale mbele na hajawahi kunikosea lolote. Lakini uongo ule ulinifuata hadi nyumbani, ukalala nami, ukaamka nami, na ndiyo maana nimeamua kuandika habari za mwaka ule. Watoto wangu husema nina mdomo mbaya. Ni kweli, ninao, na najua niliupata wapi. Niliupata mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa msichana aliyetoka Kitui, mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja mjini, nikikaa chumba kimoja na Mama Nafula pale Kawangware 46. Kabla ya mwaka huo nilikuwa nainamisha macho mwenyekiti akiongea. Tangu hapo sijamwinamishia macho mwenyekiti yeyote, wa kanisa, wa chama wala wa mtaa, na nimewaona wengi.

Chumba chetu kilikuwa cha udongo na mabati, vitanda viwili na katikati pazia la shuka lililopauka maua yake. Mama Nafula alikuwa akiuza samaki wa kukaanga na omena karibu na steji, na harufu ile iliingia katika nguo zangu isitoke, hata wasichana wa ofisini walikuwa wakifungua dirisha nikifika. Jioni alisonga ugali wa wimbi, mweusi, mgumu, akiukandamiza kwa mwiko kana kwamba umemtukana. Mrenda wake, ile mboga ya kuteleza, ulinishinda kumeza kwa wiki za kwanza. Mimi nami nilipika muthokoi, ambayo yeye aliita mahindi yaliyovuliwa nguo, akaila hata hivyo na kuongeza. Tulikula tukiwa tumeketi kila mtu kitandani kwake, magoti yakikaribia kugusana, na tukinyamaza tulisikia kila kitu kilichosemwa chumba cha pili, kwa sababu ukuta ulikuwa wa kuziba macho tu. Chumba cha pili kilikuwa cha Simiyu, katibu wa chama, na mikutano ya chama ilifanyiwa humo kila Jumapili baada ya ibada.

Chama kilikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo hakuna aliyelikumbuka. Sisi tulikiita chama cha mazishi. Kazi yake ilikuwa moja: mtu wa Magharibi akifia Nairobi, apelekwe kwao akazikwe. Wanaume ndio waliokuwa na vyeo. Wanawake, wauza samaki na wauza mboga, walikuwa na michango na birika la chai. Mwenyekiti alikuwa huyu Wanyonyi, mtunza stoo wa kampuni fulani, mwenye Landrova kuukuu iliyovuja mafuta na sauti ambayo haikuvuja kitu. Nilizoea kumsikia kupitia ukutani akisema “point of information” hata pale ambapo hakuwa na habari yoyote.

Mume wa Mama Nafula alikuwa amepelekwa nyumbani na chama hicho hicho, juu ya lori la kukodi lililokuwa linapeleka viti vya baa mpya huko Webuye. Mama aliketi nyuma na jeneza, viti vikilalia kifuniko kila walipopiga kona, na dereva akasimama njiani kushusha baadhi ya viti kwanza, maiti ikingoja. Binti yake, Nafula, alikuwa amezikwa tayari katika boma la mume huyo, huko Bungoma, bado msichana wa shule. Basi Mama alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuvimba mwaka ule, na hospitalini walimpa vidonge na macho ya huruma, naye aliyaelewa macho kuliko vidonge.

“Mueni,” aliniambia jioni moja akichambua omena kwenye ungo, “mimi naenda. Hii tumbo hainingojei. Nataka kulala kando ya Nafula. Lakini lori ya viti ya baa, sipandi.”

“Usiseme hivyo, Mama.”

“Nisiseme nini? Kufa ama lori?”

Yeye akaendelea kuchambua omena, akitupa mawe madogo kwenye kopo.

Ni yeye aliyeanza kelele za chama kuwa na chombo chake cha kusafirishia wafu. Hakusema mkutanoni, maana huko alitakiwa kumimina chai tu, lakini alisema na kila mke wa kila mwanachama, na kila mke akasema nyumbani kwake, hadi Wanyonyi akasimama Jumapili moja na kutangaza wazo lililomjia katika maombi. Lori lilikuwa ndoto. Ila Landrova ilikuwepo, na Landrova inaweza kuvuta. Na Wanyonyi alikuwa amesikia habari za mzungu mmoja anayerudi kwao Ulaya, aliyekuwa akiuza trela ya mashua.

Bwawa la Nairobi liko pale chini ya Kibera, na siku hizo lilikuwa bado na maji ya kuonekana. Jumapili wazungu walikuja na mashua zao za matanga, wakazunguka, wakazunguka tena, wakarudi pale pale walipotokea, kisha wakanywa bia kwa sababu wamechoka. Juu kwenye mteremko wanawake wa Kibera walipanga foleni ya mitungi kwenye bomba moja. Nilipelekwa huko na chama kwa ajili ya Kiingereza changu, lakini Wanyonyi aliniambia nisimame nyuma, mazungumzo atayaongoza yeye. Mzungu alikuwa na kaptura na magoti mekundu. Alikuwa amekwisha kuuza mashua yenyewe, imebaki trela: chuma kilichochongoka mbele, magurudumu mawili, mipira ya kuviringisha mashua, na mbele winchi, lile gurudumu la mkono lenye waya wa kuvutia. Alieleza taratibu, kama mtu anayeongea na viziwi, kwamba trela hii haijawahi kuandikishwa, haina namba, yeye alikuwa akiitoa bandani na kuiingiza majini tu, na kwamba haifai kupelekwa barabarani hivyo ilivyo. Kila sentensi Wanyonyi aliijibu, “Very good, sir.” Nilifungua mdomo. Akanikata jicho. Wakapeana mikono.

“Makaratasi iko aje, Chairman?” wanachama walimuuliza jioni hiyo, nami nikisikiliza ukutani.

“Makaratasi iko sawa kabisa,” akasema. “Mimi na yule mzungu tumeongea kizungu, tumeelewana.”

Mtu anayeogopa kumuuliza mzungu swali huitwa mjinga. Sijui huitwaje yule asiyeogopa kuwadanganya wajane waliotoa pesa zao za samaki.

Waliisukuma trela kwa mikono hadi karakana ya Makokha, kando ya reli. Makokha alikuwa fundi wa vyuma, mtengenezaji wa vitanda, mwanamume mkubwa mwenye macho mekundu ya moto wa kuchomelea na moyo wa sungura. Siwezi kumnyima sifa ya mikono. Alitia sakafu ya mbao, akaweka vyuma vya ubavuni, akakata pipa kutengeneza madigadi ya kukinga matope, akatafuta taa nyekundu za gari lililokufa. Mipira na winchi aliviacha, maana aligundua kwamba jeneza likiwekwa nyuma, waya ulilivuta hadi mbele juu ya mipira bila mtu kutoa jasho, na mahali pa mashua palilitosha kama palipimwa. Akaipaka trela rangi ya buluu na kuandika ubavuni SAFARI NJEMA. Walipotaka kuijaribu walivuta kabati la nguo. Watu wa Kibera walikusanyika wakishangilia. Ndipo Mama Nafula, aliyekuwa amekuja na mimi, akapanda, akakaa juu ya ubao uliofungwa kwenye waya, mahali kabati lilipokuwa, akanyoosha miguu.

“Vuta nione,” akamwambia Makokha.

“Mama, toka hapo.”

“Si nimelipa? Vuta.”

Wanaume waliondoka mmoja mmoja. Makokha alikumbuka makaa, Simiyu akakumbuka mazoezi ya kwaya. Nilishika mkono wa winchi nikauzungusha mwenyewe, ubao ule ukateleza na Mama juu yake, anatafuna mahindi ya kuchoma, anacheka. Alikuwa mwepesi sana, na hilo lilinitia uchungu. Alisema mipira haigongi, atasafiri vizuri.

Jumapili iliyofuata Wanyonyi aliifunga trela nyuma ya Landrova ili akaizungushe Kawangware, watu waione. “Trela yangu,” aliwaambia pale nje ya kanisa, na wakati huo sote tulifikiri ni namna ya kusema. Alipokuwa akirudi, askari wa barabarani alimsimamisha, akazunguka nyuma, akauliza namba iko wapi. Wanyonyi akaonyesha namba ya Landrova. Askari akamwambia kwamba trela ina namba yake, na logbook yake, kitabu cha kuonyesha mwenyewe ni nani, na bila hivyo hata mtaani haitoki, sembuse kufika Bungoma na vizuizi vyote vile vya polisi. Habari hiyo ilituingia kupitia ukutani jioni, imegeuzwa kidogo, askari amekuwa mlevi na Wanyonyi amemkaripia. Mama Nafula aliweka tonge chini. Safari yake ilikuwa imefungwa, na siku hizo ugali wake alikuwa haumalizi tena.

Basi nikaomba ruhusa kazini, nikaandamana na Wanyonyi na Makokha hadi ofisi ya magari mjini. Karani alikuwa kijana mwenye tai fupi na kucha ndefu ya kidole kidogo, anayekunywa soda polepole huku foleni ikifika mlangoni. Hata hivyo alitueleza vizuri: Makokha agonge namba ya chuma kwenye fremu, trela ikakaguliwe, kisha namba itatoka. Akachukua fomu, akainua kalamu.

“Owner?”

“Chama,” akasema Wanyonyi, akakitaja kwa jina lote refu.

“Chama imeandikishwa?”

Wanyonyi akatazama dari.

“Basi leteni mtu,” akasema karani. “Mtu mmoja, jina yake, kipande yake ya kitambulisho, asaini hapa. Trela lazima iwe na mwenyewe.”

Nilidhani jambo limekwisha. Mtu aliyekuwa akitangaza trela yangu, trela yangu, nje ya kanisa, sasa alikuwa ameombwa na serikali aseme hivyo hivyo kwa maandishi. Wanyonyi akasema inabidi lirudi kwenye mkutano.

Mkutano huo niliusikia mwanzo hadi mwisho, Mama Nafula akiwa amelala ubavu upande wake wa pazia. Hawa walikuwa watu wa kanisa. Kila Jumapili waliimba kwa sauti nne kwamba kifo kimeshindwa. Lakini kwao jeneza halitengenezwi mtu akiwa hai, na kaburi halichimbwi kabla mtu hajakata roho, maana huko ni kukiita kifo. Sasa itakuwaje mtu aandike jina lake, kwa wino, na sahihi, juu ya chombo cha kubebea maiti ambacho kimesimama kitupu, kinangoja?

“Mimi niko na Landrova kwa jina yangu,” akasema Wanyonyi. “Nikiongeza trela, serikali itauliza natoa wapi pesa. Simiyu ndiye katibu.”

“Bibi yangu ana mimba, Chairman,” akasema Simiyu. “Siwezi kuingiza hiyo maneno kwa nyumba. Makokha ndiye fundi.”

“Mimi nimeichomelea,” akasema Makokha kwa sauti yake nene. “Nimeishika kila mahali. Mkiniandika tena, hiyo si itakuwa mara mbili?”

Mmoja akapendekeza waandike jina la mtu aliyekwisha kufa, maana huyo hana cha kupoteza. Walilijadili pendekezo hilo, watu wazima, wenye wake na vyeo. Walitaja majina. Walilikataa kwa sababu moja tu, kwamba marehemu hawezi kusaini. Nilikuwa nimeuma pindo la kanga nisicheke, na wakati huo huo nilitamani kuvunja ule ukuta nikawamwagie chai yao. Nilikuwa nimewaheshimu. Niliwapigia chapa barua zao bure baada ya kazi, nikiandika “Honourable Chairman”.

Mama Nafula aliinuka taratibu, akajifunga leso, akatoka nje na kuingia chumba cha pili bila kubisha. Nilimsikia wazi.

“Niandikeni mimi.”

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

“Mama,” akaanza Wanyonyi, “hii maneno ni nzito, wewe ni mgonjwa...”

“Ndiyo nasema. Mimi najua naenda. Nyinyi mnaogopa kuitwa, mimi nimeitwa kitambo. Niandikeni, tumalize, mkunywe chai.”

Walimshukuru! Walimshukuru kwa muda mrefu, kwa sala, na Wanyonyi akasema chama hakitamsahau. Mama alirudi akaketi kitandani, akapumua, akaniomba maji. Alisema wanaume wale wamevaa suruali kwa sababu ya baridi tu.

Tulikwenda ofisini mimi na yeye, tukipumzika kila penye ukingo wa kukalia. Wanyonyi alikuja, lakini alisimama karibu na mlango na kofia mkononi, akijifanya anasoma tangazo ukutani. Karani aliuliza jina. Roselida Nanjala. Kazi? Muuza samaki. Karani akamtazama, akatazama neno trela, akatazama tena. Mama akaweka sahihi yake, herufi kubwa zilizopanda mlima, alizofundishwa na binti yake.

Siku ya ukaguzi Wanyonyi aliendesha Landrova, mimi, Mama na Makokha tukiwa ndani, trela ikifuata na kibali cha siku hiyo. Mkaguzi alikuwa polisi mnene mwenye nyundo ndogo. Aligonga hapa, akagonga pale, akasema taa moja haiwaki, akasema mbao zina mashaka, akasema vitu vingine ambavyo kila mtu Nairobi anajua maana yake ni leta kitu kidogo.

“Hii inabeba nini?” akauliza, mkono ukiwa juu ya sakafu ya trela.

“Mbao, afande,” akasema Wanyonyi.

“Maiti,” akasema Mama Nafula kutoka ndani ya gari.

Polisi aliondoa mkono wake upesi. Hakugonga tena. Alitia sahihi akiwa amesimama mbali, akitumia mgongo wa Makokha kama meza, akatuambia twende. Nyundo aliifuta kwenye majani kabla ya kuirudisha mfukoni. Namba ilitoka baadaye, inaanza na Zedi kama za trela zote, Makokha akaipigilia, na Wanyonyi akaendelea kusema trela yangu kila mahali palipokuwa na watu wa kusikia. Logbook ilikaa kwenye sanduku la Mama chini ya kitanda, pamoja na gauni lake jeupe la kanisa.

Alikufa mwanzo wa mvua, asubuhi, nikiwa nachemsha uji. Alikuwa ameniuliza kama ninaweka sukari, nikamwambia naweka, na nilipogeuka alikuwa amekwenda. Hata leo sijui kama alilisikia jibu. Nilikaa naye muda kidogo kabla ya kumwita mtu, kwa sababu nilijua wakija watajaa vyeo. Nilimchana nywele. Nilimpenda yule mwanamke kuliko nilivyowahi kumwambia.

Wanaume walikutana kwenye karakana ya Makokha, nami nikaenda na logbook mkononi nikidhani tunapanga saa ya kuondoka. Trela ilikuwa imefunikwa turubai. Niliona kwamba wote wamesimama upande mwingine wa uwanja, karibu na choo, mahali ambapo hakuna mtu husimama kwa hiari.

“Mmeona?” Simiyu alikuwa akisema. “Imeandikwa jina yake, haijamaliza hata msimu. Imemmaliza.”

“Alikuwa mgonjwa,” nikasema.

“Wewe ni msichana, tena Mkamba. Hujui hizi vitu,” akasema Wanyonyi. “Sisi tumeongea. Hiyo trela kwanza ipumzike. Mama tutamzika hapa Lang'ata, kwa heshima zote. Ni karibu, watu watafika wengi.”

Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine. Makokha alikuwa anatazama viatu vyake. Walikuwa wamekula samaki wa mwanamke yule, wamekunywa chai yake, wameuficha woga wao nyuma ya jina lake, na sasa walikuwa tayari kumfukia mahali ambapo hakujua mtu, ili wasilale na wasiwasi. Sijawahi kuwadharau watu namna ile, kabla wala baada. Nilipoanza kusema niliishangaa sauti yangu. Ilikuwa ya upole.

“Sawa, Chairman. Mzikeni Lang'ata. Kama unavyosema, ni karibu. Kutoka huko mpaka hapa kwa Makokha ni mwendo wa miguu. Hata akitaka kuja kuuliza trela yake, hatachoka.”

Garimoshi lilipita pale nyuma, likamaliza kupita.

“Kwa sababu ni yake,” nikasema, nikainua logbook. “Hapa kuna jina moja tu. Na mimi sitamwambia uongo akiniuliza nani aliikatalia isimbebe.”

Makokha ndiye aliyekimbia kwanza kutoa turubai. Nasema alikimbia. Simiyu aliuliza kama kuna mtu ameenda kuleta jeneza. Wanyonyi alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

“Nani amesema hatutamsafirisha?” akasema. “Mimi nilikuwa nauliza tu maoni ya wanachama.”

Tuliondoka alfajiri ya keshokutwa yake. Winchi ilimvuta Mama Nafula juu ya mipira bila mgongo wa mtu hata mmoja kuinama, na jeneza halikugonga popote, kama alivyosema mwenyewe. Mimi nilikaa mbele pamoja na Wanyonyi, wengine nyuma wakiimba, na njiani nilitambua kwamba alikuwa amegeuza kioo cha kutazamia nyuma kikaangalia dari. Mlima wote wa kutoka Naivasha alipanda hivyo. Karibu na Nakuru kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari alisoma logbook mbele na nyuma.

“Roselida Nanjala ndiye mwenye trela?”

“Ndiyo,” nikasema.

“Yuko wapi?”

“Yuko nyuma, afande.”

Alikwenda nyuma. Alirudi amevua kofia, akanirudishia logbook kwa mikono miwili, akatupigia saluti. Wanyonyi alijaribu kuwasha gari mara tatu ndipo likawaka.

Bomani walikuwa wakitungoja. Shemeji yake Mama Nafula, mzee Wekesa, ndugu wa yule mume wa lori la viti, alikuwa mwembamba, mwenye koti la mvua na jino moja mbele. Aliwasalimia wote, mulembe, mulembe, akahakikisha kaburi limekaa kando ya lile la Nafula kabisa, kiasi cha mkono kufika. Mama alizikwa kabla ya mvua ya alasiri. Wanyonyi alitoa hotuba kuhusu uongozi. Alisema, mbele ya boma zima, kwamba alikuwa ameona mateso ya watu wake, akaleta trela. Nilimwona mzee Wekesa akisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande mmoja.

Watu walipokuwa wakila, mzee alitembea hadi kwenye trela. Akagusa rangi ya buluu, akazungusha winchi kidogo, akachungulia magurudumu. Kisha akaja tulipoketi.

“Chairman,” akasema, “hii kitu ni mzuri. Mwenyewe ni nani?”

Lilikuwa swali la kawaida, na Wanyonyi alikuwa amelijibu miezi yote ile bila kuulizwa. Lakini kaburi lilikuwa hapo, udongo wake mbichi bado, na mwenye jina alikuwa ndani akisikia. Alitazama nyama iliyokuwa mkononi mwake. Alimtazama Simiyu, na Simiyu akatazama mlima. Akanitazama mimi, na mimi sikuinamisha macho.

“Ni ya marehemu,” akasema.

“Ya Nanjala?”

“Ndiyo, mzee. Iko kwa jina yake.”

Mzee Wekesa alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa jambo la haki.

“Basi imefika kwao,” akasema. “Ifungueni.”

Hakuna aliyebisha. Makokha alichomoa pini, vijana wa boma wakaisukuma trela hadi chini ya ghala la mahindi isinyeshewe, nami nikamkabidhi mzee ile logbook, akaitia mfukoni bila kuisoma. Kisha tukapanda Landrova, ambayo sasa haikuwa na kitu cha kuvuta, tukamwacha Mama Nafula hapo, kando ya binti yake, na gari lake uani.